Njia ya Mama Kwenda Gikomba

Mama yangu aliuza nguo za watoto sokoni Gikomba tangu kabla sijazaliwa. Kila asubuhi akitoka kwetu Shauri Moyo hakufuata barabara. Alizunguka nyuma ya nyumba. Huko, kati ya zile nyumba za chumba kimoja zilizojengwa enzi za mkoloni, kulikuwa na vichochoro ambavyo mgeni hangeweza kuvijua. Vilipita kati ya kuta za mawe, vikakata nyuma ya vyoo, halafu vikakutema sokoni ghafla. Bale, yaani robota la mitumba, likikatwa, anayefika kwanza ndiye anayechagua kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, na mama hakuwa mtu wa kuokota makombo.

Siku hizi kumbukumbu imemtoka. Jina langu hulikosa, huniita kijana, lakini bale la asubuhi halijamtoka. Akiamka anafunga leso kiunoni, anataka kwenda, na asipokwenda hali chakula. Mashavu yameingia ndani. Daktari ameniambia nisibishane naye, kana kwamba nimewahi kumshinda. Mara mbili nilimpitisha barabarani hadi sokoni kwenyewe. Alisimama katikati ya mitumba, akatazama huku na huku, akasema hapa si Gikomba, turudi tupite njia.

Kwa hiyo mwezi jana niliomba ruhusa kazini, nikamwambia, "Haya mama, nionyeshe njia." Nilidhani huenda kumebaki upenyo mmoja. Nilitaka afike mara moja tu, ashike nguo mbili tatu, arudi anywe uji.

Alitangulia yeye. Ule mguu anaouburuta nyumbani ukaacha kuburuzika. Akanionyesha tundu ukutani ambamo wanawake walificha mizigo yao wakikimbizwa na askari, na jiwe lililolika katikati kwa visigino vyao. Mimi niliyezaliwa hapo nilikuwa nayaona kama mtalii. Akakata kushoto bila kufikiri, tukakutana na mabati. Akarudi, akajaribu kichochoro cha pili: geti na kufuli. Cha tatu kilikuwa na tangi la maji. Kila mahali aligonga, akasema "Hodi," akangoja kwa adabu. Nilisimama nyuma yake nikiwa sina kazi.

Hapa lazima niseme ukweli, hata kama haunipendezi. Kwetu kijana akishatahiriwa halali tena nyumbani kwa mamake. Ushago, kule kijijini, hujengewa kibanda chake uani. Sisi hatukuwa na ua, tulikuwa na kichochoro. Kwa hiyo kila Disemba, msimu wa tohara, familia zenye wavulana zilikata kipande zikaweka mabati, na hakuna aliyeuliza, maana nani angemnyima mwanamume mpya pa kulala? Njia zote zile zilizibwa na vijana waliotoka tohara. Nilipopona mimi, kilichobaki wazi kilikuwa kichochoro chetu, nami nikakifunga. Mabati aliyaleta mama mwenyewe kutoka Gikomba, kichwani, akipita hapo hapo. Alinishikia mbao nikipiga misumari, akinicheka kwamba napinda mingi kuliko ninayogongomea. Kesho yake akazunguka barabarani kama wengine, na sikumsikia akilalamika.

Nilijivunia sana kile chumba. Leo nalala sakafuni kwa mama ili nimchunge, mila ikae kando. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshaota ndevu.

Baada ya tangi la maji, mama akaenda moja kwa moja hadi chumba hicho. Nilipooa nikahama, na sasa amepanga humo fundi wa nguo, binti wa Ukambani mwenye mtoto mchanga. Alifungua akiwa na futi ya kupimia shingoni, akamsalimu mama kama nyanya yake.

"Sasa shosh. Karibu."

"Napita tu," mama akasema. "Nimechelewa."

Yule binti akanitazama. Akasogeza cherehani, akamhamisha mtoto upande wa ukutani, akampisha. Mama akapenya kati ya kitanda na jiko hadi bati la mwisho, akaliwekea kiganja. Ng'ambo yake tulisikia wachuuzi wakinadi, karibu kabisa.

"Shosh, hapo hakuna mlango," binti akasema taratibu.

"Hapa ni njia."

Nilifikiria nyundo. Lakini baada yangu wengine nao walijenga: nyuma ya bati langu kuna chumba cha mtu mwingine, na nyuma yake kingine, hadi sokoni. Ili mama apite ningelazimika kuwatoa watu wote hao nje na vitanda vyao. Nilikuwa na hasira, na mtu wa kumkasirikia sikumpata.

Mama akanigeukia. "Kijana, nani amefunga hapa?"

"Sijui, mama."

Akanitazama kwa huruma, vile unavyomtazama mtoto wa watu. "Huyo hana mama," akasema. "Angekuwa naye, angeuliza mama anapita wapi."

Nilitaka kusema ni mimi. Nilitaka kusema ni sisi wawili, na mbao alishika yeye. Mama akaketi kwenye kitanda cha wenyewe angoje wafungue, nami nikaketi kando yake.