Galaksi Niliyoigundua Ililiwa na Sisimizi

Ninayoandika hapa ni kweli tupu, sijatia chumvi hata punje. Naapa kwa masharubu yangu.

Juzijuzi niligundua galaksi.

Kisha sisimizi wakaila.

Cheka tu. Mimi mwenyewe nikikumbuka, chakula hakishuki.

Mimi ni fundi rangi wa magari, mstaafu. Mtaani wananiita Jicho. Maisha yangu yote nimepigana na vumbi: chembe moja ikitua kwenye rangi mbichi, gari zima linaota chunusi. Nilikuwa naiona chembe hiyo nikiwa upande wa pili wa gereji, tena nimekupa mgongo.

Binti wa dada yangu anaishi kwangu. Anasomea mambo ya anga, ila jina la Profesa tulimpa hata meno hajaota. Siku moja akaja sebuleni na karatasi kubwa ya kijivu, imejaa chengachenga.

"Mjomba, hili ni anga."

"Mbona kama sakafu ya zege?"

"Si picha ya mwanga wa kawaida hii. Kuna galaksi za mbali sana, zimejaa vumbi. Vumbi linaziba mwanga wa nyota zao, lakini lenyewe linapata joto na kutoa mawimbi mafupi, hayafiki hata milimita. Darubini yetu inayanasa hayo. Kila doa lililokolea kidogo hapo huenda ni galaksi nzima."

"Yaani vumbi lililozificha ndilo linalozichongea?"

"Hapo hapo, Mjomba!"

Kompyuta ilishaokota madoa yake, lakini kwenye yale hafifu inababaika. Alitaka watu wawili wayatie duara, kila mtu kivyake, kisha walinganishe.

"Usichungulie yangu," akanionya. "Ijumaa orodha inakwenda kwa wenye darubini kubwa. Ikiwa safi, wananipa zamu ya kuzitazama kwa karibu. Ikiwa chafu, zamu inakwenda kwa mwingine, na mimi nasubiri mwaka mzima."

Nikajigonga kifua. "Mwanangu, umemwomba Jicho!"

Tatizo lilikuwa moja.

Jicho haoni.

Kwa muda sasa dunia naiona kama niko nyuma ya kioo cha bafuni. Sikumwambia mtu. Jicho akamwambie nani kwamba haoni?

Nilikaza macho kwenye ile karatasi mpaka machozi yakatoka. Kijivu juu ya kijivu. Profesa alipotoka kwenda dukani, nikajikuta chumbani kwake, kikombe cha chai mkononi. Ramani yake iko ukutani. Maduara mekundu, manene, hata mimi nayaona.

Karatasi zote mbili zilichorwa miraba. Kazi ikawa kuhesabu miraba tu.

Nikanakili. Kila akitoka, nami huyo, na kikombe changu.

Ila mwizi naye ana akili zake. Nikawaza: tukifanana mia kwa mia, si atashtuka? Nikasogeza pua mpaka ukutani. Kona ya chini, pale ambapo hakutia duara, kulikuwa na doa. Limekolea, la mviringo, zuri ajabu.

Amelikosa! Nikahesabu miraba, nikalitia duara kwangu.

Alhamisi nikamkabidhi. Akalinganisha, uso ukachanua.

"Mjomba! Umeona mpaka zile hafifu nilizodhani nimeziota! Na hii ya kona sikuiona kabisa. Ngoja niikague."

Akanikumbatia.

Jamani. Bora angenizaba kibao. Ulimi wangu, ambao haujawahi kuchoka, siku hiyo ukawa jiwe.

Nikala kona mpaka kwa kinyozi. Huko ukafunguka, tena upande usiofaa.

"Nimegundua galaksi," nikatangaza.

"Acha kamba, Mzee Jicho."

"Nikiwa naongopa, ninyoe haya masharubu!"

"Mashahidi mpo?" kinyozi akauliza. Wateja wote wakainua mikono.

Niliporudi, Profesa alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake. Hakugeuka.

"Mjomba, njoo uone galaksi yako."

Nikasogea. Nikasogea tena. Msafara wa sisimizi ulitoka dirishani mpaka kona ya chini ya ramani. Wameizunguka galaksi yangu, wanakula.

"Ina sukari," akasema.

Tone la chai. La kikombe changu mwenyewe.

"Na kwenye karatasi yako nilipandikiza madoa ya uongo, yaliyokolea kuliko yote. Ndivyo tunavyopima jicho la mtu. Nimeyakagua sasa hivi: hukutia duara hata moja."

Hapo akageuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kumbe macho yake yamelowa.

"Huoni, ee Mjomba? Tangu lini?"

"Niliona aibu, mwanangu."

"Ungesema mapema ningetafuta mtu mwingine. Sasa kesho ndiyo Ijumaa."

Ijumaa ikapita. Zamu akapewa mwingine.

Daktari alinimulika, akasema nina mtoto wa jicho. Profesa ndiye aliyenipeleka, na sasa, nikisubiri upasuaji, ndiye anayenitia dawa. Hanigombezi. "Inua kichwa, Mjomba," basi. Tone moja, kila jicho. Na kila tone linanikumbusha lile la ukutani.

Sikuweza kukaa nalo. Nikarudi kwa kinyozi, nikayamwaga yote mbele ya wale wale.

"Kumbe umepata mtoto uzeeni!" akasema kinyozi, huku ananivalisha shuka shingoni. "Kaa vizuri basi. Na hiyo galaksi, ulitia vijiko vingapi?"

Nikainua kidevu. Wembe ulikuwa puani.

Jifunze kwangu, msomaji. Ukijificha nyuma ya vumbi, ujue vumbi lina tabia ya kupata joto. Na likishapata joto, litakuchongea hata kwa walio mbali.

Ah, nilianza kwa kuapia masharubu yangu, siyo?

Yapo. Kwenye kizoleo cha kinyozi.