Kofia Iliyokataa Kushuka

Nafundisha hesabu shule ya sekondari hapa Kamembe, na tangu papa, baba yangu, apotee watu wananitazama kama mganga, eti hesabu itaniambia aliko. Papa alikuwa fundi wa nguo, akashikwa na ugonjwa wa kusahau. Alitoka kwenda kuswali alfajiri, hakufika msikitini. Sijui nani alimpa lifti. Muntu wa mwisho kumwona alimkuta Bweyeye, pembeni ya msitu, akiuliza njia ya kwetu. Tulimtafuta mpaka miguu ikavimba. Kila kijia kule kinagawanyika, na vilivyogawanyika vinagawanyika tena.

Mama akaanza kumfumia kofia ya kumpokea nayo. Kofia inaanzia utosini. Kila mzunguko unaongeza matundu ya uzi ili duara litanuke, halafu unaacha kuongeza ili ishuke masikioni. Wapi pa kuacha? Unamwita mwenyewe, unampima. Na kwetu kofia ya muntu haipimwi kwenye kichwa cha mwingine mwenyewe akiwa hai; ni kama kumzika. Basi mama akaendelea kuongeza tu, hadi pembeni pakakunjamana kama jani la kabichi. Kichwa changu ni kile kile cha papa, mtaa mzima unasema, lakini hakunigusa.

Majirani walimpa moyo kwamba mwenye kuzungukazunguka mwisho atatokea alipoanzia. Ilinichoma, kwa sababu ni kweli, ila ni kweli ya uwanja tambarare. Hapo anayekata kona kwa bahati tu, hurudi, hata akichelewa vipi. Kuna jiometri nyingine, ya haipaboli, ambayo kila mzunguko unaupita kwa mbali ule wa ndani yake. Humo njia za kwenda nje ni nyingi kuliko za kurudi. Nadharia za kikomo, zile za mwendo wa bahati unaishia wapi, zinaongeza ubaya: mtembezi anasogea mbali kwa mwendo ule ule, bahati inamyumbisha kidogo tu, na mwishowe anaelemea upande mmoja moja kwa moja. Chuoni niliziona nzuri sana hizo nadharia. Mjinga mimi.

Jioni moja mama aliweka sindano chini.

"Hiyo hesabu yako inasemaka nini? Papa yako atarudia?"

Nilitamani kumdanganya, wallahi, ulimi ukakataa. Nikachukua ile kofia, nikaweka kidole utosini, nikamwambia hapa ndipo nyumbani. Nikakisogeza mzunguko kwa mzunguko, nikamwonyesha jinsi nafasi inavyofura kila ukitoka, na jinsi asiyejua aendako anavyopotelea humo bila kosa lake. Kidole kikafika kwenye mikunjo ya ukingoni.

"Hatua za mwanzo angeweza kurudi," nikasema. "Akishafika huku, mama, hapana."

Alinipokonya kofia, akashika ncha ya uzi na kuvuta. Mikunjo ikafumuka yote, uzi ukamjaa mapajani, kikabaki kiduara cha utosini. Nikadhani anaanza upya kumngoja, na roho ikaniuma zaidi, maana mimi nilikuwa nimeshakata tamaa peke yangu na sikuwa na mwenzangu.

Alifuma mizunguko kadhaa, akasimama.

"Leta kichwa."

Niliinama. Vidole vyake vilikuwa baridi juu ya masikio yangu, vikakaa pale muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji. Kisha akarudi kukaa, akaacha kuongeza, akaanza kuishusha.