Mayai ya Bibi Paskazia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilimfokea mzee wa watu kwa kosa langu mwenyewe. Hata sasa nikisimulia naona aibu.

Nilikuwa nimeolewa hapa Kishanda miezi minne tu, enzi zile za ujamaa ambapo kila kitu kilikuwa cha kijiji. Afisa kilimo alikuwa anakuja kutoka Bukoba kukagua shamba la pamoja, na mume wangu akaambiwa ampokee kwa chakula. Wengine wangempikia ndizi na maharage. Mimi nilitaka ale mayai ya bata yaliyokaangwa kwa vitunguu na nyanya, kama nilivyofundishwa na masista, aende akasimulie mjini. Majivuno ya ujana tu.

Aliyefuga bata pale jirani alikuwa Bibi Paskazia, mjane aliyeishi peke yake. Nikamwomba aniuzie mayai. Akasita, akatazama nyuma ya nyumba. Nikawahi kuongeza, "Bibi, mgeni ni wa kijiji." Akaingia kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, akaniletea manane kwenye kikapu.

Yai la kwanza nililipasulia kikaangoni, juu ya vitunguu vilivyokwisha kuiva. Kikadondoka kifaranga. Nikabeba kikapu mbiombio hadi kwake, nikapiga kelele mbele ya majirani kwamba ameniuzia mayai mabovu.

"Si mabovu, mwanangu," alisema taratibu. "Bata alikuwa anaatamia. Ninaye huyo mmoja tu, nilitegemea vifaranga. Lakini ulisema mgeni ni wa kijiji. Ningekataaje?"

Nyuma yake bata alikuwa akizunguka kiota kitupu. Nililia, wala sikujificha. Tuliyarudisha yale saba, yakaanguliwa mawili. Mgeni alikula ndizi na maharage, akashukuru sana.

Tangu hapo, kila nikienda kununua, Bibi alinikabidhi mayai akisema, "Haya ni ya kula." Basi. Mara nyingi nilitamani angenigombeza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukinunua mayai ya bata, uliza kwanza kama anaatamia. Yapasulie kwenye bakuli, moja moja, ndipo uyatie kikaangoni. Na ukimwomba mtu kitu, omba kwa jina lako mwenyewe. Usimtajie jina kubwa la kumziba mdomo. Akisita, rudi nyumbani ukapike ndizi.

Mungu abariki jiko lako, na akupe majirani wasioogopa kukuambia hapana.