Ubani wa Chiriku

Wallahi, sijui nitapitaje tena mlangoni kwa Bi Salma, jirani yangu hapa Junda. Alimsifu chiriku wangu, "Huyu anajua kuimba!", bila kusema mashallah. Siku chache baadaye ndege akanyamaza. Nikajua kapigwa jicho. Basi kila jioni nikawa nafunga madirisha na kumfukizia ubani, na yeye akazidi kudhoofu.

Bi Salma, kwa huruma zake, akaniletea daktari wa mifugo. Daktari aliingia akikohoa.

"Alinyamaza kwa kubadilisha manyoya tu," akasema. "Kinachomuua ni huu moshi."

Bi Salma akakitazama chetezo cha ubani, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, ulikuwa wamkinga na jicho la nani?"

Hapo tukawa mabubu wawili, mimi na chiriku.