Polisi walicheka niliposema silipwi. Nilipoahidiwa malipo, mke wangu hakucheka

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nawaandikia kutoka Kampala. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mke wangu Furaha amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Mimi ni Mkongo wa Uvira. Naishi Namuwongo, natengeneza simu kwenye kibanda pale Nakivubo.

Dada yangu alibaki nyumbani, ni mtangazaji wa redio. Kuna kipindi watu wenye bunduki walitaka kujua nani anatuma habari zao nje. Hawakumpata, kwa sababu alikuwa anatumia ule mtandao wa kuficha watu.

Kwa wasioujua: ujumbe wako hauendi moja kwa moja. Unapita kwenye kompyuta ya huyu, kisha ya yule, kisha ya mwingine, mpaka anayekufuatilia anapotea njia. Kompyuta zenyewe ni za watu wanaojitolea tu.

Nikasema aisee, kuna mtu mahali fulani amembeba dada yangu bila kumjua. Na mimi ngoja nibebe wa wenzangu.

Nikafufua laptopu moja ya zamani, nikaiweka juu ya kabati, ikawa inanguruma hapo usiku na mchana. Nikaifanya mlango wa mwisho. Yaani mtu akitokea huko mtandaoni, anaonekana ametokea kwangu.

Mshaona balaa linakoelekea?

Kuna mtu akapita kwangu, akamtumia mfanyabiashara mmoja vitisho vya kumchomea duka. Polisi wakafuata anwani ya intaneti yangu, wakanikuta kibandani nimeshika bisibisi.

Kituoni afande akaniuliza, "Nani iko nalipa wewe?"

"Hakuna mutu, afande."

"Wewe Mukongomani, nanunua intaneti, nalipa stima, halafu watu hujui napita bure?"

Akawaita wenzake waje wasikie. Walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta. Mimi nilikuwa nawaza kibali changu cha ukimbizi.

Furaha akaja na chairman wa mtaa, mtoto mgongoni. Akamwambia afande, "Mukubwa, mutu akiweka maji ya kunywa inje ya mulango, na mwizi akapita akakunywa, utafunga mwenye maji?"

Afande akasema, "Hapana. Lakini nitamwambia aingize maji ndani."

Wakachunguza ile laptopu, hawakukuta kitu. Nikaachiwa na onyo.

Nikafuata ushauri wa afande. Sikuizima, ila niliihamisha kutoka mlangoni, nikaiweka katikati ya njia. Hapo unapokea kutoka kwa kompyuta moja unapeleka kwa nyingine, hakuna anayekuja kukugongea.

Sasa sikilizeni. Baada ya muda ikaja barua pepe. Kuna wafadhili wanachanga ili waliojitolea walipwe kidogo. Wa katikati anapata ya kulipia intaneti. Wa mlango wa mwisho anapata mara kadhaa zaidi, maana ndiko watu wanakoogopa kukaa.

Wakuu, nilishapiga hesabu ya kununua friji.

Jioni nikamwambia Furaha nimeamua kurudi mlangoni, safari hii kwa malipo. Nilidhani atashangilia. Akaendelea kukunja nguo za mtoto.

Halafu akasema, "Baba Neema, ile siku ulifungwa, majirani waliniuliza umefanya nini. Niliwaambia bila haya: anasaidia watu. Wakikufunga tena sababu ya friji, niwaambie nini?"

 Nilitoka nje nikasimama karibu na reli inayopita mtaani kwetu, nikajifanya naongea na simu.

Nikawajibu wale wafadhili kwamba nitabaki katikati. Wananilipia intaneti, napokea kwa mikono miwili, sioni aibu. Mtu anayejitolea naye anakula.

Nilichojifunza: mlipie mtu gharama zake, atabeba wengine kwa muda mrefu. Ukianza kununua hatari yake, utawapata wenye shida ya friji, na siku polisi wakigonga hao ndio watakimbia wa kwanza. Mimi nilikuwa karibu kuwa mmoja wao.

Huenda nimekosea. Kuna wanaokaa pale mlangoni mpaka leo na wanastahili kila senti. Ungekuwa wewe, ungechukua? Mwageni maoni, Furaha anasubiri kuona nani yuko upande wangu.

Maji ya kunywa ya baridi bado tunayanunua kwa jirani mwenye friji.