Macho ya Gaudiose na Dishi la Kanombe

Gaudiose wa Kanombe alipoambiwa kwamba haoni, alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Akaupitisha, akapiga fundo, akaendelea kushona pindo la kitenge chake, na shemeji yake Sibomana naye akaendelea kumweleza jinsi alivyo kipofu. Mtu mzima na mvi zake, amekaa kwenye kochi la watu, chai ya watu mkononi, anasema maneno kama hayo bila kupepesa macho.

Chanzo cha yote kilikuwa televisheni. Belyse, binti pekee wa Gaudiose, alimnunulia mama yake televisheni mpya ya kutundika ukutani, pana kama meza ya kulia. Fundi wa dukani akaitundika, akaiunganisha na dekoda ile ile ya zamani iliyofungwa enzi za marehemu Viateur, mumewe Gaudiose, akaenda zake. Jioni Gaudiose akakaa kutazama tamthilia ya Kiswahili, maana yeye kazaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na Kiswahili ndicho kinachomtuliza moyo. Lo, watu hawana nyuso. Pua zimeyeyuka, macho yamekuwa madoa, na yale maandishi ya chini huwezi kujua ni maandishi au ni sisimizi. Akampigia Belyse simu, akamwambia picha ina ukungu.

"Televisheni ni mpya, mama," Belyse akajibu kutoka kazini. "Labda ni macho."

Hilo "labda" Sibomana alilidaka, akalitembeza. Muda si muda ukoo mzima ukajua kwamba Gaudiose haoni, na wengine wakaanza kumshika mkono kanisani kama kifaranga. Akaenda hospitali, daktari akamwambia macho yake hayana ugonjwa wowote, miwani yake ya kusomea na kushonea inamtosha, mbali anaona vizuri. Sibomana akacheka. Alisema madaktari huwabembeleza wazee. Alisema mjane asiyeona haachwi peke yake na jiko la mkaa. Ahamie kwa Belyse kule Gisimenti, chumba kimeshatandikwa, na nyumba apewe mpangaji, mtu wa uwanja wa ndege. Na nani atasimamia nyumba? Sibomana, nani mwingine, kwa huruma zake.

Gaudiose alikasirika mpaka chakula hakipiti. Nyumba ile waliijenga wawili, yeye na Viateur, walipotoka ukimbizini, na nusu ya matofali yake yalitokana na vitenge alivyouza soko la Kicukiro kwa miaka. Lakini maneno ya Sibomana hayakumuumiza sana, alikwisha kuyazoea. Kilichomkata maini ni kwamba Belyse aliamini.

Ndipo alipomwita Shallon, binti wa kaka yake. Shallon alilelewa Uganda, na kazi yake ni kufunga madishi. Alikuja jioni moja, akasimama mbele ya ile picha, akaangua kicheko.

"Shangazi, hata mimi sioni kitu hapa," akasema. "Dekoda hii ni ya zamani. Picha yake ni ndogo, televisheni inaivuta kwa nguvu ijaze kioo chote, ndiyo maana watu wanayeyuka. Inatakiwa dekoda ya HD na waya wake. Na dishi nalo limelegea huko juu, nitalifunga upya. Kesho asubuhi nakumalizia."

Gaudiose hakucheka. Alikuwa anafikiria mikono yote iliyomshika kanisani.

"Kesho usije," akasema. "Njoo Jumapili baada ya misa. Sibomana analeta mpangaji kuangalia nyumba."

"Si bora nifunge mapema, utazame kwa raha?"

"Nataka wawepo."

Jumapili wakaja. Sibomana alitangulia na tai yake shingoni, nyuma yake Salvator, mtu mpole wa kitengo cha mizigo uwanja wa ndege, na mwisho Belyse na mifuko mitupu ya kufungashia nguo za mama yake. Wakamkuta Shallon ameshaunganisha dekoda mpya ya HD, sasa anaegemeza ngazi ukutani.

"Huyu anakwenda wapi?" Sibomana akauliza.

"Juu," Gaudiose akajibu.

"Mwanamke, juu ya nyumba ya kaka yangu? Shemeji, hiyo ni kirazira, mwiko mkubwa. Tangu mababu zetu mwanamke hakanyagi paa la nyumba. Unataka utuletee mkosi?"

"Basi panda wewe."

Sibomana akaitazama ngazi, akalitazama tumbo lake, akawa na kazi ya kupangusa miwani.

"Mkosi na uje," Gaudiose akasema. "Ukifika, nitaupa kiti na chai kama ninavyokupa wewe. Shallon, panda mwanangu."

Sasa kazi ya dishi huwa inataka watu wawili. Mmoja anakuwa juu analisogeza kidogo kidogo, mwingine anakaa ndani, anasoma kwenye kioo namba za nguvu ya mawimbi, anamwambia wa juu zimepanda au zimeshuka. Namba zenyewe ni ndogo, zimejibana pembeni. Belyse akasogea ili azisome yeye.

"Acha," mama yake akamwambia.

Akakaa mahali pake pa siku zote, mwisho kabisa wa sebule, dirisha liko wazi ubavuni mwake. Miwani ya kusomea ilikuwa chumbani, na huko akaiacha.

"Arobaini na moja," akapaza sauti. Bati likalia juu. "Hamsini. Hamsini na tatu. Umepitiliza, rudi. Sitini. Sitini na nane. Hapo hapo, usiliguse tena."

Salvator, aliyekuwa amesimama karibu na kioo, akainama kuhakikisha. "Mama anasoma sawa," akasema. "Namba zote, hakukosea hata moja."

Kisha picha ikaja, na watu wakarudishiwa nyuso zao. Ilikuwa kwaya fulani inaimba, na ungeweza kuhesabu vifungo vya mashati na kumwona mwenye sauti nzito akitokwa jasho kwenye paji la uso. Belyse akaziba mdomo kwa mkono.

"Kumbe, mama," akasema.

"Kumbe," Gaudiose akaitikia.

Hapo mtu mwenye haya angeomba radhi. Sibomana akakohoa, akaweka tai yake sawa. "Haya, macho yapo, tumshukuru Mungu," akasema. "Lakini shemeji, nyumba hii bado ni kubwa kwa mtu mmoja. Na mambo yameshapangwa."

Gaudiose alimtazama, akaelewa kwamba miezi yote hiyo alikuwa akijitetea bure, maana mtu huyu hakuwahi kujali kama anaona au haoni. Hasira ikampanda, na safari hii haikuwa na unyonge ndani yake hata chembe.

"Salvator, wewe huna kosa," akasema. "Nyumba hii haipangishwi, walikudanganya. Katafute kwingine. Na wewe shemeji, nisikilize. Mimi sitoki. Leo sitoki, nikiwa kipofu sitoki, nikitambaa sitoki. Anayetaka kunitoa aje mchana kweupe, majirani wakitazama, anibebe na kitanda changu."

"Unanifukuza kwenye nyumba ya kaka yangu?"

"Nakufukuza kwenye nyumba yangu."

Sibomana akamgeukia Belyse amtetee. Belyse akainamisha kichwa. Basi akatoka, na Salvator akamfuata nyuma akiomba samahani kwa kila mtu, hata kwa Shallon aliyekuwa bado kwenye ngazi.

Belyse alibaki katikati ya sebule, mifuko mitupu miguuni, machozi yanamtoka. "Nisamehe, mama. Mimi niliambiwa huoni."

"Uliambiwa," Gaudiose akasema. "Na mimi nilikuwepo hapa. Kila wiki unakuja, unaweka mkate mezani, unaniuliza hali ya macho umesimama mlangoni, unaondoka. Ungekaa na mimi kwenye kochi hili jioni moja tu, Belyse. Moja tu. Ungeona mwenyewe kwamba picha ni mbovu."

Gaudiose alikuwa bado amekasirika, wala hakuona sababu ya kuficha. Akachukua rimoti, akatafuta marudio ya tamthilia yake, kisha akasogea kidogo kumwachia binti yake nafasi.

"Kaa," akamwambia. "Na usiondoke mpaka iishe."