Nilivyofundishwa Vinasaba kwa Mchezo, Ganjoni

Sikwenda Mombasa kutembea. Mwalimu mkuu wetu hapa Voi alinipa siku mbili nikaone darasa linalofundishwa vinasaba kwa michezo ya kompyuta, nirudi na jibu moja: watoto wanasoma au wanacheza? Kama wanacheza, chumba chetu cha kompyuta kingebaki cha kupiga chapa tu. Mimi ndiye niliyeomba kitumike kwa michezo hiyo, maana kila mwaka wanafunzi wangu hufeli mada hiyo, na inaniuma.

Alhamisi asubuhi basi lilivuka Makupa kuingia kisiwa cha Mombasa, nikachungulia dirishani. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, nami nimelelewa kisiwani hadi alipostaafu tukarudi Taita. Upande wa Shimanzi, karibu na bandari, malori yalikuwa yamefungana vilevile, madereva wakikaripiana kwa adabu ileile ya zamani. Nilicheka peke yangu. Abiria wa kando yangu akasogea kidogo.

Saa nne nilifika Ganjoni, shule niliyosoma. Mwalimu Salma, aliyenifundisha baiolojia, bado yupo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mwadime. Lo! Mbona umekonda hivyo? Huko bara hakuliwi?"

"Kunaliwa, mwalimu. Ni mawazo."

"Basi leo utakula kwangu. Kwanza ingia ucheze."

Darasa lilikuwa na madirisha yaleyale, na joto lilelile lililokuwa likitusinzisha baada ya saa sita. Ningepewa nafasi, ningerudia ujana wangu wote pale.

Mchezo wenyewe ni safu za vipande vya rangi kwenye skrini. Kila safu ni sehemu ya vinasaba vya mnyama mmoja, na kila rangi ni herufi yake. Unasogeza vipande mpaka rangi zinazofanana zikae chini ya zenzake. Ukiacha pengo, unakatwa alama. Wanasayansi huyakusanya majibu ya wachezaji, kwa kuwa jicho la mtu huona mambo ambayo mashine huyakosa.

Niliketi na Rukia, msichana wa kidato cha nne anayetoka Mji wa Kale. Nilicheza kwa madaha, nikabana kila kipande, sikuacha hata pengo moja. Alama zangu zikaporomoka.

"Mwalimu, hapa pataka pengo," akasema taratibu.

"Si litanikata alama?"

"Litakukata kidogo. Lakini tazama, tangu hapa mpaka mwisho hakuna rangi iliyopatana. Madrasani, mwenzangu akisoma kwa moyo nami namfuatia msahafuni, akiruka neno siyavuti maneno yaliyobaki kuziba. Naweka kidole pale aliporuka, twaendelea. Mengine yote hupatana."

Akaisogeza safu nafasi moja. Rangi zote zikakaa sawa hadi mwisho. Mnyama yule alikuwa amepoteza herufi moja tu, nami nilikuwa nimemharibia safu nzima.

Jamani, niliona haya! Miaka kumi na moja nimeandika ubaoni kwamba herufi moja ikitoka, zinazofuata zote huhama. Watoto wakanakili, kama nilivyonakili mimi. Sikuwahi kuliona jambo lenyewe.

Alasiri tulikwenda nyumbani kwa Mwalimu Salma, Mji wa Kale, tukanywa chai ya tangawizi na kula kaimati zenye shira.

"Mbona sisi hukutufundisha hivi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa sijui, mwanangu. Niliwakaririsha tu. Nikiwakumbuka, hujisikia vibaya."

Nami niliwakumbuka wenzangu wa dawati la nyuma, waliofeli wakaacha shule wakiamini hawana akili. Nikairudisha kaimati sahanini.

Ijumaa saa nane nilikuwa Voi, ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Haya, wanasoma au wanacheza?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yakanitoka mengine.

"Mwalimu, watoto wangu hawafeli kwa sababu ni wazito. Mwalimu wao mwenyewe hakuielewa mada mpaka jana."

Akaweka kalamu chini. "Hilo uko tayari kuliandika? Bodi yote itasoma."

Nikavuta kiti, nikaichukua ile kalamu yake, nikaliandika liwe mstari wa kwanza wa ripoti, na jina langu chini yake.